Pakiti Kumi na Mbili Kwenye Sufuria Moja

Bashay,
Mbulu, Manyara.
16 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Yonas,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila naitikia mapema nisije nikaanza barua kwa ugomvi. Hali yako? Kile kifua cha baridi kimepona? Sisi tu wazima. Brightness anaota jino la tatu na hataki mtu alale, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda milima ujue yuko mgongoni. Vitunguu saumu tumeanza kuvuna.

Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini maneno ya simu unayasoma huku unatembea. Haya nataka uyasome umekaa.

Nicodemo mwenzako wa chuo alipokuja likizo alitukabidhi boksi lako: pakiti kumi na mbili za rameni, hizo tambi zenu za kuchemsha haraka, kila moja na rangi yake, na karatasi ya kujaza alama. Uliandika tuonje moja moja, tuipe kila moja alama kati ya sifuri na kumi, kama mnavyofanya wewe na wenzako huko chumbani. Lakini Yonas, wewe umezaliwa nyumba gani? Kitu kilicholetwa na mtoto aliye mbali, Mama atakila peke yake amefunga mlango? Aliita majirani wote, kuanzia mzee Sebastiani hadi mama Zita. Watu kumi na tisa! Akatoa ile sufuria kubwa ya sherehe ya kipaimara, akamimina tambi zote na vipakiti vyake vyote vya viungo, cha pilipili na cha samaki, akaongeza maji mpaka zikatosha.

Mzee Sebastiani alivuta yake mpaka ikamchapa puani. Akasema, "Chumvi hii ingetosha ng'ombe wangu wote. Lakini kijana ametukumbuka." Tulicheka, halafu tukasali kwa ajili yako.

Kesho yake ukapiga simu. Mama hukumwamkia, uliuliza alama tu. Alipokueleza ukamjia juu: "Mmeharibu kila kitu! Sasa nitajuaje ipi ni ipi? Si niliandika, Mama?" Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia kwa masikio yangu. Ukasema tena kwamba wewe unazila asubuhi na jioni, unazijua zote. Ukakata.

Nimekubeba mgongoni mimi, na nakupenda. Ila hilo sikubali hata kidogo. Mama yule ndiye aliyekutafunia chakula ulipokuwa huna meno. Leo wewe ndiye wa kumfundisha kuonja?

Na unajua yeye alishika neno gani? Si ukali wako. Alishika "asubuhi na jioni". Tangu siku hiyo akiandaliwa chakula anasukuma sahani. "Mwanangu hana mtu wa kumsongea ugali," basi. Jana amekula matonge mawili.

Karatasi yako nilitaka kuiwashia moto. Mama akaninyang'anya. Anaamini ni mtihani wako wa chuo. Nimemweleza mara tatu, hasikii. Anadhani ulifoka kwa sababu tumekufelisha. Akaomba kalamu, akakaa kizingitini, akajaza mwenyewe, na unajua kuandika kwake ni kama kulima kwenye mawe.

Nicodemo anakuletea hiyo karatasi pamoja na vitunguu saumu. Na upike, Yonas! Hata wali. Jumapili baada ya misa piga simu. Uanze na shikamoo. Kisha mwambie umefaulu, na kwamba unakula vizuri, na iwe kweli.

Shemeji yako Nikolausi anakusalimu sana, mama Zita pia, na mzee Sebastiani anauliza boksi lingine lini.

Ukiifungua karatasi utaona Mama amekupa kumi kila mstari. Mstari wa mwisho utadhani ameuruka. Hakuuruka. Wino ulikwisha, naye akaendelea kukandamiza. Pitisha kidole, utaisikia hiyo kumi.

Mungu akulinde ugenini na akulainishe ulimi.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Restituta