Michi Miwili, Kinu Kimoja

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu Idrisa.

Huku Tangini hatujambo. Mama yako alituonyesha kwenye simu mashindano yenu ya tenisi ya kulipwa, wawili wawili. Unauliza kwa nini wewe na mwenzako mnagongana mkiufuata mpira.

Tenisi siijui. Ila kule Msimbu, mimi na dada yangu Mwajuma tulitwanga mpunga kinu kimoja kwa michi miwili, bila kutazamana, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake. Michi iligongana siku moja tu, tulipoamka tumenuniana. Je, mwenzako hana kinyongo nawe?

Mwajuma tulishamzika. Hadi leo nikitwanga kisamvu peke yangu, nikiinua mchi nasita kidogo, nimpishe apige.

Bibi yako