Harusi ya Kifusi

Keroka

Shangazi yangu mpenzi,

Salamu zikukute mzima. Mimi ndizi za huku zimeninenepesha. Ngoja nikupe ya jana.

Kuna kampuni inachimba mawe mlimani, na kifusi chake kinaporomokea chemchemi ya wanakijiji. Jana mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja, basi meneja akataka kifusi kionekane kijani. Vibarua wakakata migomba mizima, wakaichomeka juu ya kifusi na kandokando ya njia.

Huku, Shangazi, migomba ikisimamishwa njiani ni harusi! Akina mama wakaja na vigelegele, nguo za kanisani mwilini, vikapu vya wimbi kichwani. Mmoja akamuuliza meneja, "Bibi arusi ako wapi?" Meneja akacheka tu.

Mkaguzi kushuka garini na kusikia nyimbo, machozi yakamlenga. Akatangaza kwamba ataandika kifusi kimeota migomba na wananchi wamekipokea kwa shangwe. Akapewa mkungu, akaenda zake.

Alasiri mvua ikanyesha, kama kawaida ya huku. Migomba ikaanguka, kifusi kikateremka nayo hadi chemchemini. Yule mama akayatazama maji yalivyogeuka tope, akasema, "Kumbe bibi arusi ni huyu. Ameshaingia kwetu, na ni sisi tumemwimbia."

Wabusu wadogo zangu. Nakuletea ndizi, Shangazi, tena za mgomba wenye mizizi. Nimeukagua mwenyewe.

Mwanao,
Salim