Barua za Avit

Nancy upo? Edvina yuko hapa kwangu Kahororo, katoka kiwandani kwa mumewe sasa hivi. Hata viatu hajavua.

Alikwenda kumpigia magoti msimamizi ampunguzie Avit saa za kazi, ili wapate mtoto. Miaka minne Avit anamwambia, "Kazi ikipungua tutazaa." Miaka minne, Nancy! Mama mkwe kule Buganguzi anamsema hazai, naye anamtetea mume.

Msimamizi kashangaa. "Mama, hapa mwisho saa kumi. Zinazozidi anaziomba mwenyewe." Katoa barua. Mwandiko wa Avit, kila mwezi. Anaziomba mwenyewe!!

Subiri, simu ya Edvina imelia. Avit kaandika, "Bosi kanibakiza tena, usinisubiri."

Edvina kaitazama weee, kisha kamjibu, "Pole na kazi."