Gemu Lako na Sauti ya Bibi

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, tarehe 8 Juni

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu leo unastahili. Nimeapa kusema yote bila kuficha. Kesho asubuhi nakala ya barua hii nitaibandika kwenye ubao wa klabu ya kompyuta shuleni, chini ya picha yako ya uenyekiti. Wanaokusifia waisome.

Unakumbuka tulivyoifungua kompyuta ya baba tukaiwekea SSD? Ulinishikisha bisibisi, ukaniambia, "Neema, diski hii ina kasi lakini ni ndogo. Usiijaze takataka." Nilikuamini. Ndiyo maana niliweka humo nyimbo za bibi nilizorekodi likizo nzima kule Ukerewe. Bibi anamenya mihogo, anaimba nyimbo za kubembelezea watoto, kisha anacheka ninavyozikosea. "Sogeza hiyo simu," alikuwa akiniambia, "nisije nikawa naiimbia mihogo." Folda niliiita BIBI USIFUTE.

Kisha ukaleta gemu la mpira. Ulilinakili dukani Igogo kwenye diski yako ya nje, kama tunavyofanya wote, maana bando la kupakua gemu kubwa hivyo nani analo? Lilikuwa kifurushi kilichobanwa, GB sitini, na likifunguliwa linakuwa GB tisini. Ukakivuta kwanza kifurushi chote ndani ya SSD, ukaanza kukifungulia humo humo. Kompyuta ikagoma: nafasi haitoshi, zinahitajika GB tano zaidi. Tano tu, kaka. Ukafuta folda yangu.

Niliporudi kutoka bombani nikalia, ukasema, "Acha hizo, Neema. Bibi si yupo? Utamrekodi tena."

Mwezi uliopita mwalimu wa kompyuta alitufundisha namna ya kufungua vifurushi kama kile. Kifurushi kilitakiwa kibaki kwenye diski ya nje na kufunguliwa kutoka kule. Gemu lingeenea, na nafasi ingebaki. Halafu wewe mwenyewe, ulipomaliza, ulikitupa kifurushi, GB sitini zikabaki wazi. Nafasi uliyomfutia bibi uliihitaji kwa nusu saa!

Sasa bibi tunaishi naye hapa nyumbani. Kiharusi kimemnyima maneno. Kila siku anainua mkono wa kushoto kuelekea kwenye kompyuta, na mama anadhani anataka tuifunike kitambaa. Mimi najua anachokitaka. Kompyuta niliipeleka kwa fundi, akaniambia, "Binti, ingekuwa diski ya zamani ningejaribu. SSD ukishafuta inajisafisha yenyewe. Hapo hamna kitu."

Basi na mimi nimelifuta gemu lako. Nimelifuta jana mchana, mama akiniangalia, wala hakunizuia. Ile timu uliyoijenga misimu sita, yenye mshambuliaji uliyempa jina lako, nimeihamishia kwenye flashi. Sijaifuta bado. Nitaifuta Jumapili ijayo. Nataka ukae wiki nzima ukijua kwamba kitu chako kinaweza kupotea kwa kidole cha mtu mwingine. Mimi sikupewa hata dakika moja.

Ningeishia hapa, na ningelala vizuri. Lakini nilipokuwa nafuta, mama alisema jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku ile, mimi nikiwa bombani, alikuita uje kula, ukamjibu, "Subiri mama, nanakili kwanza vitu vya Neema." Mama hajui mambo ya kompyuta, huenda amechanganya. Huenda ulikuwa unanakili gemu lako tu. Na kama kweli ulinakili vitu vyangu, uliniacha nilie vile ili iweje? Kwa kunikomesha? Hilo nalo nitakulipizia, ila nitakulipizia nikiwa nacheka.

Diski yako ile ya nje ulienda nayo Dodoma. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea baba mdogo, na Alhamisi anarudi. Usimwambie "nitampigia". Andika jibu, umpe mkononi. Ukinijibu ukweli, hata ukiwa mbaya, timu yako utaikuta.

Bibi nimemwambia nakuandikia. Ameufinya mkono wangu kwa nguvu zake zote.

Nijibu, kaka: sauti yake unayo, au huna?

Mdogo wako,
Neema