Udongo Mwekundu Miguuni Mwako

Rafiki yangu Deo, Papa Aline,

Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, nawe uniitikie kwa ile ya kwenu kama ulivyozoea. U hali gani huko? Kifua kile kilichokuwa kinakubana wakati wa kiangazi, vumbi la kiwanja likipanda, kimepata nafuu? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, ingawa wiki hii mabomu ya waasi yamerushwa kutoka milimani yakaangukia watu wasiojua lolote. Hapa Buyenzi tumezika mama na mtoto wake ndani ya sanda moja, maana hapakuwa na namna ya kuwatenganisha. Samahani. Nilitaka nianze na tenisi, kalamu imekimbilia kwenye damu yenyewe.

Tenisi, basi. Wamarekani wako wameanguka tena, Deo. Nilisikiliza redio ya Wafaransa ndani ya stoo yetu ya kiwanjani, nimekalia nyavu zile za zamani, ndoo yako iko pembeni kama kiti chako. Paris, penye udongo mwekundu kama wetu, wametolewa mmoja mmoja, kama mtu anavyonyonyoa kuku. Wanawake wao bado wanacheza vizuri, lakini wewe wanaume ndio uliokuwa unawaombea hata kanisani. Baada ya wewe kuondoka, mmoja alinyanyua kombe. Siku ile nilifungua mlango wa stoo nikaita jina lako kwa sauti, nikamtisha mlinzi. Tangu hapo, hakuna kitu. Mtangazaji anasema kama mtu anayetangaza msiba: Amerika na udongo hawaelewani.

Mimi nilikwambia zamani. Hawa wamekulia juu ya sementi. Sementi inamrudishia mtu mpira haraka, naye anaumaliza haraka. Udongo unakuuliza kwanza, una haraka ya wapi? Ukawa unakasirika. "Subiri, Hamisi. Bado wanajifunza kuteleza."

Mapenzi yako kwa Wamarekani yalianzia kwa yule Bwana Joni aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya kwao hapa mjini. Servisi yake, ule mpira wa kuanzia, ilipiga kama bunduki, nasi wakati ule bunduki tulikuwa hatujazizoea. Halafu anakuja Mzee Seif, Mwarabu wetu wa duka la vitambaa, tumbo mbele, anambembeleza na mipira ya juu, laini, inadondoka kama majani. "Mista, unakimbia wapi? Mpira utakuja wenyewe!" Joni anateleza, anakaa chini, bukta yake yote nyekundu. Sisi wote tunacheka. Wewe peke yako unaenda kumpangusa mgongo kwa fagio la mistari, umenuna kama aliyeanguka ni kaka yako.

Vita vilipochacha wakamwondoa kwa ndege. Alipita kiwanjani na begi moja, akakutupia raketi yake kupitia dirisha la gari. Ukachoma msumari ukaandika msalaba mdogo chini ya mpini. Hukuwahi kuichezea hata siku moja, uliibeba tu, asubuhi kuja, jioni kurudi, imefungwa kwenye gazeti. Mama Aline alikuwa akiniambia, "Shemeji, hiyo raketi ni muke wake wa pili."

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Kanuni ya miguu uliiweka mwenyewe. Udongo wetu ni matofali ya kuchoma yaliyosagwa, mwekundu kama pilipili iliyoiva, na huku chini kwenye ziwa ardhi ni ya kijivu, nyekundu iko milimani tu. Vijana wa mitaani walipoanza kuweka bariyeri barabarani walikuwa wanatazama miguu kabla ya uso. Miguu myekundu maana yake umetoka mlimani, umetoka mlimani maana yake umekuja kuua. Ukasema, hakuna kutoka kiwanjani bila kuosha miguu hadi magotini. Ukatania kwamba kwenu padri anaosha watu miguu mara moja kwa mwaka, siye tumekuwa mapadri wa kila siku.

Ijumaa ile vijana walikuwa wametangaza kwamba mji ufe, kusiwe na duka wala gari. Bomba lilitoa ndoo moja likakoroma, likanyamaza. Udongo ulikuwa umekauka unapasuka, na ukiuacha hivyo upepo unaubeba wote. Ukaniambia, "Nenda kwa swala, we Muswahili. Mi namalizia kumwagilia." Nikajua utabakiza maji ya miguu. Hukubakiza. Wewe na kiwanja kile! Ungekiacha kipasuke, Deo. Ungekiacha kife siku moja.

Natoka msikitini nakuta kelele kwenye bariyeri ya mtaroni. Nilisikia sauti yako kabla sijakuona. "Ni udongo wa tenisi! Ni wa tenisi, ndugu zangu!" Wakacheka. Mmoja, kijana mwenye mwanya mkubwa wa meno ya mbele, akakunyang'anya raketi, akachana gazeti. "Tenisi? Haya, tucheze tenisi!" Akainua mkono juu kama mtu anayepiga servisi, akakushushia ukingo wa raketi kichwani. Wakampigia makofi. Akarudia. Halafu yakaja mawe, na baada ya mawe chuma. Muuza makaa mmoja alinishika kanzu kwa mikono miwili mpaka ikachanika, sikuweza kufika. Walipotawanyika, uso wako haukuwa uso tena. Nilikutambua kwa miguu.

Nilimwomba Mama Aline aniruhusu niioshe mimi kabla ya maziko. Akakubali. Ule udongo wa kwenye nyufa za visigino haukutoka, nilisugua hata kwa jiwe. Umezikwa nao.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi, maana ndicho kimenifanya nikuandikie, nami sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mzee Seif aliletewa mgeni wa kucheza naye, mtu wa ofisi moja ya Rohero, shati safi, kitambi kinaanza. Nilikuwa napiga mistari. Akanisalimu vizuri, "Muzee, amani," akacheka. Mwanya. Nikasema moyoni, mianya iko mingi mjini. Akafungua mfuko, akatoa raketi. Rangi imechubuka, nyuzi mpya, lakini chini ya mpini msalaba wako upo, Deo. Upande mmoja umezama zaidi kuliko mwingine, kama ulivyouchoma.

 Nilishika lile pipa la saruji tunalobingirisha kusawazisha kiwanja, nikasimama hapo. Kwenye stoo kuna panga la majani. Nililiona kwa macho ya moyo jinsi lilivyoning'inia, mpini upande wa mlango. Nikasoma aya zote ninazozijua na panga likabaki palepale mbele yangu.

Alicheza kama Wamarekani wako. Kila mpira anataka umalizike leo hii. Mzee Seif anamrudishia juu, laini, anamtania, "Polepole, mutoto wangu, huu udongo haukimbizwi!" Yeye anapiga kwa hasira, anateleza, anaanguka, anaanguka tena. Alipomaliza alikuwa mwekundu toka vidoleni hadi mapajani, na viganja, na kiwiko. Alishindwa vibaya. Mzee Seif akapanda gari lake akaenda zake, yeye akabaki anatafuta bomba.

Bomba limekauka tangu mabomu yaanze. Na njiani, tangu mapambano ya wiki hii, kuna askari wanaowatafuta walioteremka milimani. Wanatazama nini? Wanatazama miguu, rafiki yangu. Dunia imezunguka imerudi palepale. Jana yake walikuwa wamemburuta mtu wa Musaga hadi mtaroni, nimemwona inzi wakimla.

Mimi nilikuwa na ndoo moja, maji yangu ya kutawadhia alasiri, nimeyabeba kichwani toka nyumbani.

 Sikufichi, nilitaka atoke hivyohivyo. Nilitaka nisimame mlangoni nisikie anavyolia, "Ni udongo wa tenisi." Akaja hadi stoo. "Muzee, maji iko wapi? Nitapita vipi hivi?"  Yeye alijua kuliko mtu yeyote miguu myekundu inamfanya mtu awe nini.

Nikasukuma ndoo kwa mguu. Nikamwambia, "Osha. Yule muliyemuua mtaroni alikuwa na udongo huu huu. Alikuwa ametoka kumwagilia hapa."

Aliinama juu ya ndoo, akaishika kwa mikono miwili. Halafu akasema, chini sana, "Muzee, mi nilikuwa mutoto."

"Na yeye alikuwa na mutoto," nikamwambia. "Anaitwa Aline. Osha haraka, giza linakuja. Raketi acha."

Akaiacha. Aliosha hadi magotini, maji yakawa kama ya machinjioni, akaenda bila kugeuka. Usinifanye mtakatifu. Sikumsamehe, nimempa maji tu. Mpaka naandika, panga lile nalitazama mara mbili kila nikiingia stoo.

Alasiri ilikuwa inanipita na maji sina. Mtu akikosa maji anaruhusiwa kujipangusa kwa udongo safi. Nikapiga viganja juu ya kiwanja chako, nikapaka uso, nikapaka mikono. Sijui mashehe watasema nini kuhusu udongo uliopita kwenye tanuri, nitawauliza, au labda sitawauliza. Niliswali kwenye mstari wa nyuma, pale unapopenda kukaa. Niliposujudu nilinusa harufu yako ya jasho la asubuhi. Nililia mpaka nikasahau rakaa, nikaanza upya.

Halafu nikatoka nikiwa mwekundu mimi. Uso, mikono, miguu. Ningeweza kulala stoo. Sikutaka.

Askari alinisimamisha palepale mtaroni, mtoto mdogo, kofia ya chuma inamshinda kichwa. Bunduki ikaelekea miguuni kwangu. "Muzee, umetoka mulimani?" Nikasema, "Apana, mwanangu. Ni udongo wa tenisi." Maneno yako, Deo. Nilisikia sauti yangu ikiyasema, nikaanza shahada. Yeye akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye kifundo cha mguu wangu, akasugua kwa gumba, akanusa.

"Hii ni tofari," akasema. "Baba yangu anachoma matofari. Pita, Muzee."

Basi. Ni hivyo tu. Nilitembea hatua chache nikakaa kando ya barabara. Siku yako ile kulihitajika mtu mmoja wa kuinama, na palikuwa na umati mzima, wote wamesimama.

Raketi nimempelekea Mama Aline. Ameifunga kwenye kitenge chake, kisha akaingia ndani, nikamsikia akilia. Aline amekuwa mrefu, ana mabega yako. Jana alikuja kiwanjani mwenyewe akaniomba nimfundishe kushika mpini. Ninachojua mimi ni kufagia, lakini Mzee Seif amesema atamrushia mipira ile yake ya kuudhi. Alipojaribu kukimbia mara ya kwanza aliteleza vizuri, hakuanguka. Wamarekani wako wangemwonea wivu.

Nakuahidi hivi, na Mungu ndiye shahidi: maadamu nipo, ndoo haitakosa maji pale mlangoni, hata kama kiwanja kitapasuka, hata kama upepo utakibeba chote hadi Ruziba. Kwanza miguu ya watu, ndipo udongo. Na Aline hatatoka pale mwekundu.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuombea kwa dua za kwetu, na Jumapili nampa Mama Aline mshumaa akuwashie kwa zile za kwenu, ili usikose njia yoyote.

Lakini nina swali moja, nalo ndilo linaninyima usingizi. Yale maji niliyompa, nilifanya vizuri, au nimekusaliti? Mola akikuruhusu, hata kwa ndoto, hata kwa neno moja, nijibu upesi.

Wako Hamisi, wa fagio