Pilau ya Wagomaji

Kasubi, Jumatano

Kaka yangu Faizal,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, paka kazaa tena, na madereva wangu wamegoma.

Wanataka nyongeza ya mshahara. Siku ya kwanza waliketi uani kwangu tangu asubuhi, adhana ya adhuhuri ikawakuta hawajatia kitu mdomoni. Ningekulaje peke yangu? Nikawapikia pilau. Basi! Tangu hapo mgomo umenoga. Siku ya tano wakaja hata madereva wa kampuni nyingine, eti wanawaunga mkono wenzao.

Mabasi hayatembei, haiingii hata shilingi, kwa hiyo usiniulize nyama nilikuwa natoa wapi.

Jana Odur, kiongozi wao, alipokuwa anapokea sahani akautazama mkono wangu.

“Mama, bangili zako ziko wapi?”

“Mmezila, mwanangu.”

Akaiweka sahani chini. Wenzake nao wakaacha kutafuna.

Ndiyo, kaka, zile za mama. Nisamehe.

Leo alfajiri mabasi yote matatu yametoka. Sasa hivi Odur amepiga simu: nyongeza wanaweza kuingoja, chakula cha mchana hawawezi.

Nimebandika maharage.

Dada yako,
Umulkheir