Diski Uliyosema Tuichome

Donholm,
14 Agosti 1997

Kaka Shiundu,

Huku tunaendelea. Baba siku hizi anamaliza kikombe kizima cha uji, na jana alitoka mwenyewe akaota jua mlangoni.

Laptop yako bado ina shida. Fundi Githinji wa Buruburu alitia ile diski kubwa uliyotuma kutoka Mombasa, mashine ikakataa kuiona. Akasafisha pini, akaitoa, akairudisha, wapi! Ndipo akarudisha diski ya zamani, ile uliyosema tuichome bila kuifungua, ajue kama kasoro ni ya mashine. Ikawaka mara moja. Akafungua faili ya mwisho kuhakikisha ni nzima.

Shiundu, huna haya? Baba yu hai, nawe umeshaandika maneno ya kusomwa siku ya mazishi yake, tarehe tu ndiyo umeacha wazi! "Ameacha mjane mmoja na watoto watano." Huyo mjane ni mama yako. Mama yangu je? Mimi ninayemwogesha Baba kila asubuhi, nilikufa lini?

Nilimsomea yote, neno kwa neno. Hakupiga kelele kama mimi. Aliniomba nirudie pale pa watoto, akatuhesabu kwa vidole, polepole, kwa majina. Kisha akasema:

"Mwambie aje Jumapili anisomee mwenyewe, nikiwa bado nasikia."

Diski ya zamani haichomwi. Iko chini ya mto wake.

Ni mimi, mtoto wa sita,
Muhonja